Wiki 4 za mafunzo ya nyanjani Koboko: nyota 4 kati ya 5

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu. Chuo kilitupeleka watano kwenye kituo cha afya daraja la III wilayani Koboko, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo: wa udaktari, wa famasia, wa maabara, wa meno, na mimi. Tulilala nyumba moja, tukala chungu kimoja. Nawaandikia mnaofuata.

Niliyapenda mafunzo haya kwa sababu ya mtoto wa miaka 4. VHT wa kijiji, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea, alitupeleka kwao: homa ilikuwa imerudi siku kumi baada ya dawa ya malaria. Kipimo cha haraka kikaonyesha malaria tena, na mwenzetu wa udaktari akawa tayari anaandika dozi nyingine. Wa maabara akamzuia. Kipimo kile hutafuta protini ya kimelea, akasema, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata kimelea kikishakufa. Tuangalie damu kwa darubini. Wa famasia akaomba pakiti. Dozi zote 6 za siku 3 zilikuwa zimekwisha, tena mama alizitoa na maziwa, vizuri sana, maana dawa ile hupokelewa mwilini kwa msaada wa mafuta. Mimi niliketi na mama mkekani tukaongea Kiswahili. Alikulia upande wa Kongo, na wenzangu watatu hawakijui. Ndipo aliposema mtoto hushika sikio usiku na kulia. Tulipomulika, usaha. Darubini haikuona kimelea hata kimoja. Akaanzishiwa amoksilini.

Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake. Darasani tusingekutana kamwe.

Na VHT yule, mama wa makamo anayejitolea bila mshahara, alitufundisha kuliko wote. Alijua kila mjamzito ambaye hajafika kliniki, na sababu yake.

Nyota moja naipunguza kwa hili: tulifanya kazi pamoja, tukapewa alama mbalimbali. Kila fani ina daftari lake na msimamizi wake. Lile sikio liliingia kwenye daftari la udaktari tu; wa maabara, aliyetuzuia kukosea, hakupata kitu. Hilo liliniuma, na chuo kinaweza kulirekebisha kwa karatasi moja ya pamoja. Msimamizi wangu alifika mara moja. Nauli ya bodaboda tulichanga wenyewe. Wa meno hakukuta kiti wala vifaa, akakaa bure wiki nzima mpaka tulipompeleka shule ya msingi kukagua watoto.

Beba gambuti na tochi nzuri.

Siku ya kuondoka VHT alituuliza, "Wanangu, nani ataliangalia lile sikio baada ya wiki mbili?" Tuliandika jina la mtoto kwenye daftari la kituo kwa wino mwekundu. Kundi lijalo, anzieni hapo.