Siku 11 katika wodi ya wagonjwa mahututi: mchana na usiku havikufanana

Mama yangu mdogo alilazwa siku 11 katika wodi ya wagonjwa mahututi ya hospitali moja ya hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa sehemu ya ninayoyaandika ni malalamiko. Alifikishwa usiku akiwa na nimonia kali, na kabla ya alfajiri alikuwa amewekwa kwenye mashine ya kupumulia. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Sina ubingwa wa wagonjwa mahututi, lakini najua cha kutazama ninaposimama kando ya kitanda.

Zamu ya mchana ilinipa imani tangu siku ya kwanza. Kitanda kiliinuliwa upande wa kichwa kati ya nyuzi 30 na 45 ili yaliyomo tumboni yasipande na kuingia mapafuni, kinywa kilisafishwa bila kukumbushwa, na mgonjwa aligeuzwa kila baada ya saa mbili, hata akatoka bila kidonda cha kulalia. Walipovuta makohozi kwenye mrija wa kupumulia uliopitishwa kooni walimwongezea oksijeni kwanza, na hawakuzidisha sekunde 15 kwa mara moja. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba puto dogo linaloziba nafasi kati ya mrija na ukuta wa njia ya hewa lilipimwa shinikizo kwa kifaa chake, wala halikukisiwa kwa kubonyezwa na vidole: linatakiwa kuwa kati ya sentimita 20 na 30 za maji, kwani likipungua mate hupenya kwenda mapafuni, na likizidi huumiza ukuta wa njia ya hewa. Kabla ya kumgusa walimsalimu, "Shikamoo mama, tunakugeuza sasa," ingawa alikuwa chini ya dawa za usingizi na hakuweza kuitikia.

Hata hivyo, ujuzi huo peke yake usingetosha, na hilo nililiona siku ya nne. Daktari kijana aliagiza mgonjwa aongezewe potasiamu kwenye dripu, na muuguzi, ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, akasema kwa sauti ya kawaida, "Daktari, naomba tutazame kwanza majibu ya leo asubuhi, maana mkojo umepungua tangu jana." Figo zikilegea, potasiamu hujikusanya katika damu na inaweza kuusimamisha moyo. Majibu yalipofunguliwa yalionyesha kiwango kimeshapanda, agizo likafutwa, daktari akamshukuru, na inchaji, yaani muuguzi kiongozi wa wodi, aliyekuwa kitanda cha jirani akatikisa kichwa kuafiki, kisha akaendelea na kazi yake. Hakuna aliyeonekana kuvunjiwa heshima.

Usiku mambo yalikuwa mengine. Muuguzi mmoja alibaki na wagonjwa watatu, ilhali mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anastahili muuguzi wake, au angalau muuguzi mmoja kwa wagonjwa wawili. Upungufu wa watu naweza kuuelewa. Nilichoshindwa kukielewa ni ukali wa msimamizi wa zamu, ambaye usiku wa tano alimfokea muuguzi mmoja, binti mdogo, mbele yetu sisi ndugu kwa kosa la kumpigia simu daktari "bila ruhusa". Usiku uliofuata king'ora cha mashine kililia, oksijeni katika damu ya mama ikashuka hadi asilimia 84, na binti yuleyule akasimama akimtafuta msimamizi kwa macho badala ya kuvuta makohozi, kazi ambayo mchana nilikuwa nimemwona akiifanya kwa mikono isiyotetemeka. Mikono ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni hofu. Nilisogea na kumwambia, "Mdogo wangu, anza tu," naye akaanza, na namba zikapanda. Sitausahau muda ule.

Mwaka 1996 Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: wodi zilizokuwa na viongozi wanaosikiliza ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa, kwa sababu wauguzi wake hawakuogopa kuyasema. Kwa hiyo hospitali ikijisifu kwamba daftari lake la makosa ni tupu, mimi huingiwa na wasiwasi.

Asubuhi ya siku ya saba nilimweleza inchaji kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, hakujitetea, na kuanzia jioni hiyo makabidhiano ya zamu yakafanyikia kando ya kitanda, kila muuguzi akimweleza mgonjwa wake mwenyewe na msimamizi wa usiku akiwa amesimama hapo anasikiliza. Siku ya tisa mrija ulitolewa. Mapokezi ya ndugu yalikuwa ya wastani, benchi moja kwa familia nyingi. Malipo yaliandikwa kwa uwazi.

Ningempeleka tena ndugu yangu pale, kwa sababu ya zamu ya mchana na ya inchaji yule. Atakayempeleka wake, popote jijini, aulize mapema usiku muuguzi mmoja huhudumia wagonjwa wangapi, na kama muuguzi mdogo anaruhusiwa kumwita daktari mwenyewe.