Mkongo wa baharini au setilaiti?

Kwenye kina kirefu cha bahari, mkongo wa intaneti una unene wa mpira wa kumwagilia bustani, na nyuzi za kioo ndani yake ni nyembamba kama unywele. Ndio unaobeba karibu data yote inayovuka bahari. Adui yake mkubwa si papa wala jasusi. Ni nanga na nyavu za wavuvi. Ukikatika, meli maalumu huuvua kwa ndoano hadi sitahani, mafundi wakaunga uzi kwa uzi. Tonga, nchi ya visiwa katika Pasifiki, baada ya volkano ya Januari 2022 kuukata mkongo wake, ilisubiri wiki tano hivi.

Setilaiti haina habari na nanga. Zile za Starlink, huduma ya intaneti ya kampuni ya SpaceX, zikiwa kilomita 550 hivi juu, hazina ule ukawiaji wa kuudhi wa setilaiti za kilomita 36,000. Ila Februari 2022 dhoruba ya jua iliangusha karibu 40 kati ya 49 zilizokuwa zimetoka tu kurushwa. Tena huishi miaka mitano hivi, kisha urushe nyingine. Mkongo husanifiwa kudumu 25.

Mimi ningelaza mikongo miwili, setilaiti iwe akiba. Lakini mikongo hiyo ipite njia tofauti kabisa, maana ikilala sambamba, nanga moja huimaliza yote.