Gego langu la titani: walifanya haraka halafu wakausingizia mfupa wangu

Mnisamehe, naandika bado nina hasira. Niliwekewa jino la kupandikiza, gego la juu kushoto, kwenye kliniki moja hapa Tanga mjini, ilikuwa baada ya mfungo kama sikosei. Mkono wa daktari mwepesi, hapo namsifu kwa haki. Siku ile ile kanambia kwa mdomo wake, mama huku juu mfupa wako ni laini, skrubu haijakamata sana, twende taratibu. Skrubu ndiyo mzizi wa titani wanaoufunga kwenye mfupa wa taya, jino lenyewe unavalishwa juu yake baadaye. Sawa. Wiki ya tano napigiwa simu njoo uvalishwe jino, nauliza mbona mapema hivi, dada wa mapokezi ananijibu hizi za kisasa hazina kusubiri.

Nikaenda, nikavalishwa. Haukupita mwezi, niko Ngamiani na kahawa yangu, nauma kashata, nasikia jino linacheza. Haliumi, ila ukilisukuma kwa ulimi linaenda na kurudi. Narudi kliniki, daktari hata kukaa hakukaa, kasimama mlangoni simu mkononi, anasema mbele ya wagonjwa wote "Mama, mfupa wako umekataa chuma." Hata pole hakuna!

Nikadai skrubu yangu, wakanipa kwenye kifuko cha dawa. Nikapanda nayo basi mpaka Dar kwa daktari mwingine, mama wa makamo, akaiweka chini ya taa. Akanieleza: ona, ni ya kijivu, haing'ai, kiwandani wameikwaruza makusudi kwa mchanga na asidi, maana seli zinazojenga mfupa zikikuta vijishimo zinashika na kukomaa upesi kuliko kwenye chuma kilicholainishwa. Na titani ikigusa hewa tu inajivika utando mwembamba wa oksaidi, seli zinakutana na huo utando na zinaelewana nao vizuri, tangu daktari Brånemark wa Uswidi alipomwekea mgonjwa wake wa kwanza skrubu kama hizi mwaka 1965. Enzi hizo walisubiri miezi 3 taya la chini, 6 la juu. Hizi za kisasa kweli zimefupisha, yule dada hakusema uongo wote, lakini ni kwa skrubu iliyokamata tangu siku ya kwanza! Zile wiki za mwanzo mfupa wa zamani unaoibana unaliwa huku mpya bado haujajaa, ukiitikisa hapo panaota nyama ya nyuzinyuzi badala ya mfupa. Yangu ilikuwa na utelezi tu, hata punje ya mfupa haijaganda. Sasa nani kakataa nini?

Nilitaka niseme msiikanyage kabisa kliniki ile. Halafu nawaza, kuweka anajua yule, tena kwa mwenye mfupa mgumu wa chini labda angefanikiwa… hapana, nafuta, mtu anayekulaumu mfupa wako mlangoni usimpe taya lako.

Nyingine nimewekewa Dar, huu ni mwezi wa nne tangu niwekewe, jino bado sijavalishwa na sina haraka. Natafunia kulia. Kila asubuhi naigusa kwa ulimi, haitikisiki.