Metronomu ya elfu arobaini kwa mpiga fidla wa kidumbak

Nianze na hukumu ya metronomu, kidude kinachopiga mlio kwa kasi isiyobadilika ili mpigaji aufuate, ili mwenye haraka asipoteze muda. Kama kazi yako ni kupiga kidumbak, ile taarab ya ngoma ya kuchezea ya Unguja, kwenye maharusi, na noti za muziki hujawahi kuzigusa, pesa yako iweke. Kama unajifunza fidla, udi au ganuni kwa mwalimu anayekuwekea karatasi mbele, nunua, tena nunua mapema kabla hujazoea kukimbia. Mimi nimo katikati ya hao wawili: mchana ni fundi cherehani hapa Kikwajuni, Unguja, jioni nina fidla yangu, na mwisho wa wiki nafuatana na kikundi popote penye harusi.

Kidude chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani, na nyuma kina kibanio cha kukishikiza kwenye kisimamio cha noti. Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 40,000 baada ya kuvutana sana. Muuzaji alianzia 55,000. Kinapiga kuanzia mapigo 30 hadi 250 kwa dakika, kina taa nyekundu inayowaka kila pigo, na ukitaka pigo la kwanza la kila fungu litoke kwa mlio wa kengele, unakichagulia tu mafungu ya mbili, tatu, nne au sita. Kuna na kitufe cha kugonga: unakigonga kwa kidole kufuata wimbo unaousikia, nacho kinakusomea kasi yake. Chapa sitaji, maana dukani vilikuwepo vya majina manne na ndani naamini vyote ni kimoja.

Metronomu hizi babu yao ni lile sanduku la mbao lenye ufito unaoyumba, ambalo Johann Maelzel alilisajili Paris mwaka 1815, ingawa mtambo wenyewe ulibuniwa na Dietrich Winkel wa Amsterdam. Mtunzi Beethoven akaanza kuandika namba za kasi za metronomu juu ya muziki wake, na mpigaji wa mji mwingine, ambaye hajawahi kumwona mtunzi, akajua aende kwa kasi gani. Hilo ukilishika utaelewa kidude hiki kinafaa wapi na kinakwama wapi. Kilitengenezwa kwa ajili ya watu wasiokuwepo chumba kimoja. Kidumbak ni fidla, sanduku (besi ya boksi na uzi), vidumbaki viwili (ngoma ndogo), cherewa (kayamba) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha), na wote tunakaa goti kwa goti.

Sasa nije kwenye kilichonishangaza. Siku moja kazini nilikizima ile kengele, nikakiweka 100, nikakiacha juu ya meza ya kukatia nguo. Bila kengele milio yote ni sawasawa kabisa, hakuna mkubwa wala mdogo. Mimi nikasikia tik-tok, tik-tok, wa kwanza mzito na wa pili mwepesi. Binti ninayemfundisha kushona nikamuuliza anasikia nini, akasema, "Kinakwenda nne nne, kaka, si unasikia?" Sikusikia. Nikajilazimisha kuzihesabu tatu tatu, na baada ya muda mfupi mashine ikawa inacheza tatu waziwazi, kama kwamba mtu ameingia ndani akaibadilisha. Mlio haukubadilika hata kidogo. Mmarekani mmoja, Thaddeus Bolton, aliandika habari hii tangu 1894: watu walisikilizishwa milio iliyofanana kabisa, na karibu wote wakaipanga mafungu wenyewe. Uzito tunaousikia kwenye pigo la kwanza tunautia sisi.

Kishushe mpaka 30 na uone. Hapo kati ya mlio na mlio ni sekunde mbili, na mafungu yanavunjika. Kila mlio unakuja peke yake, huwezi kuufunga na mwenzake, na mguu unakaa tu haujui ufanye nini. Binti akasema sasa kinatia usingizi. Kipandishe tena taratibu. Mimi hufika hamsini na kitu ndipo mguu unapoamka wenyewe.

Kwa mpiga ngoma za pwani hii ni faida kubwa kuliko kujua kasi. Chakacha, ile ngoma ya wanawake wa pwani, na nyimbo nyingi za kidumbak zinatembea kwa mapigo sita. Ukiyagawa tatu tatu unapata hatua mbili, ukiyagawa mbili mbili unapata hatua tatu, na utamu wote uko pale ngoma moja inaposhika mbili na nyingine inashika tatu. Kwa miaka nilikuwa nazisikia mbili peke yake. Tatu nilikuwa naambiwa zipo, naitikia kwa adabu. Zoezi langu sasa ni hili: kengele imezimwa, kasi 180, nakanyaga mguu kila mlio wa tatu mpaka utulie, kisha bila kugusa kitu nahamia kukanyaga kila mlio wa pili. Wiki za mwanzo nilikuwa napotea palepale pa kuhamia. Siku ilipokubali, nilirudi kusikiliza rekodi za mazoezi yetu wenyewe nikakuta mwenye kidumbaki cha chini amekuwa akipiga kitu nisichowahi kukisikia, na nilikuwa nimekaa ubavuni pake.

Mzee anayenifundisha fidla hakushangaa. "Sikio lako liko mguuni," alisema, "ulikuwa unalitafuta kichwani." Nilidhani ni maneno ya wazee tu, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada walichapisha mwaka 2005 jaribio linalompa haki. Watoto wachanga wa miezi saba walipigiwa mdundo usio na pigo zito. Wengine wakarushwarushwa mikononi kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Baadaye walipowekewa midundo miwili, wa mbili na wa tatu, kila mtoto alipenda kusikiliza zaidi ule uliolingana na alivyorushwa. Ukiwaona akina mama wanavyoingia ngomani na watoto wamewafunga mgongoni kwa kanga, utajua darasa linaanzia wapi.

Sasa kile kitufe cha kugonga. Nilikwenda nacho barazani jioni, muuza kahawa anapopita akigonganisha vikombe. Nikafuata kwa kidole. Namba ikaruka: 96, 118, 104, haikutulia hata kidogo. Na bado hakuna mtu barazani aliyehitaji kuinua kichwa kujua ni kahawa inakuja. Mmoja alikuwa ameshaanza kutafuta chenji mfukoni. Muuza kahawa wetu ana namna yake: vikombe vinalia haraka haraka, halafu anaacha nafasi, halafu mara mbili za kumalizia. Kasi inabadilika anavyotembea, umbo halibadiliki. Dar wapo vijana wa kupaka rangi za kucha wanaogonganisha vichupa, na mafundi viatu wanaogonga kisanduku, na mwenye kuchanganya mlio wa mmoja na wa mwingine ni mgeni. Metronomu inajua kasi tu. Umbo haina habari nalo, na mimi naona mdundo zaidi ya nusu ni umbo, hasa pale palipoachwa wazi.

Kwenye kikundi ndiko kilikonishinda. Kidumbak huanza na nyimbo za taarab kwa utulivu, kisha nyimbo zinaungana bila kusimama na joto linapanda. Nilipima mazoezi yetu: tulianza 104, tukamaliza 132, na nilipouliza hakuna aliyekubali kwamba tumeongeza. Mwenye sanduku akaapa kabisa kwamba hatukusogea. Wiki iliyofuata nikatia hedifoni sikio moja, nikajishikiza kwenye 104 mwanzo mpaka mwisho na kuwavuta wenzangu. Robo saa haijafika, aliyekuwa anaimba akageuka: "Mbona mnatushusha?" Hatukushuka hata pigo moja! Mwili ukishapata moto, kasi isiyobadilika inasikika kuwa inapungua. Tangu siku hiyo kidude kinabaki nyumbani nikienda kwenye shughuli, na nashauri na wewe ukiache. Bi harusi hakukodi saa.

Kwa mashairi kimenisaidia kidogo. Shairi la mizani kumi na sita, nane kwa nane, ukilisoma juu ya mlio utagundua mara moja mshororo ulioibiwa mizani moja. Ukianza kuliimba lakini, mwimbaji anavuta silabi anavyotaka, na hapo kizime.

Utaniuliza kwa nini nitoe 40,000 wakati kwenye simu zipo programu za bure zinazofanya yaleyale. Nilianza na simu. Unafika katikati ya zoezi, mteja anapiga kuuliza gauni lake, ukimaliza kumjibu mguu umeshasahau. Kidude hakipokei simu. Za mbao ni nzuri kuzitazama na ule ufito unasaidia jicho, ila bei zake nilizoulizia zingeninunulia cherehani ya mtumba, na juu ya meza isiyo sawa zinachechemea.

Kasoro za hiki changu: kitufe cha kuongeza kasi kinaruka, unataka 100 unapata 103. Sauti yake ni nyembamba, fidla ikilia tu haisikiki, sembuse sanduku, kwa hiyo bila hedifoni utaifuata ile taa, na jicho ni zito kuliko sikio kwa kazi hii. Mara zote nachelewa nikifuata taa. Betri ni ile ya duara kama ya saa, yangu imekaa miezi kadhaa bila matatizo. Kibanio kimeshalegea.

Ukienda kununua, kiwashe palepale dukani, zima kengele, kiache kipige mpaka muuzaji akereke. Hakikisha kengele inazimika kabisa, kwa sababu kuna aina ambazo haizimiki na hizo hazitakufundisha kusikia chochote. Pia angalia kama kina tundu la hedifoni. Nyumba zetu zimepakana ukuta kwa ukuta, na jirani yangu alivumilia tik-tok ya 180 siku mbili, ya tatu akaja kunigongea mlango.