Canon EOS R50 kwa safari za familia: nyepesi, ila lenzi yake ina mipaka

Kamera hii ya mwaka 2023 ina gramu 375 pamoja na betri na kadi, bila lenzi, kwa hiyo haichoshi shingo hata mkizunguka Mji Mkongwe kutwa nzima. Fokasi yake hunasa jicho la mtoto anayekimbia na kulifuata. Kwa hilo peke yake, wazazi wengi wataridhika.

Udhaifu uko kwenye lenzi ya 18-45mm inayouzwa nayo. Ukivuta hadi mwisho, uwazi (tundu la kupitisha mwanga) hubaki mdogo, f/6.3, kwa hiyo usiku pale Forodhani ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) hupanda na picha hujaa chenga. Kitulizi cha lenzi huzuia mtikisiko wa mkono wako, si wa mtoto, basi weka kasi ya shata 1/250 ya sekunde au zaidi. Lenzi ya RF 50mm f/1.8, yenye uwazi mkubwa, husaidia sana gizani, ingawa kwenye chumba kidogo hukubana kwa kuwa huona eneo dogo.

Ufukweni, mchanga mweupe huihadaa kamera na nyuso zikatoka giza: ongeza mwanga kwa fidia (exposure compensation) ya +0.7 hadi +1. Mbugani usibadilishe lenzi dirisha la gari likiwa wazi, maana sensa, kipande kinachonasa picha, hubaki nje na vumbi huinata. Betri ya LP-E17 ni ndogo, na video ya 4K huimaliza upesi; nunua ya pili.