Erasmus Mundus ukiwa Kisumu: hela ni nzuri, ila zinakungoja huko huko

Nyota nne kati ya tano. Kwa mtu wa Kisumu, Kakamega au Nakuru anayetafuta shahada ya uzamili Ulaya bila mzazi tajiri, sijaona ufadhili unaoushinda huu wa Umoja wa Ulaya. Nyota moja naiondoa kwa sababu hela hazikusafirishi; zinakungoja ufike ndipo zianze kutembea. Anayelijua hilo mwezi wa kumi hupanga mapema. Anayeligundua mwezi wa nane, viza tayari na tiketi hana, huhangaika vibaya sana.

Kwanza kinachotolewa. Ni euro 1,400 kwa mwezi kwa muda wote wa masomo, hadi miezi 24, kwa hiyo jumla haipiti euro 33,600. Ada ya chuo hulipi, na bima hushughulikiwa na muungano wa vyuo vinavyoendesha programu. Utasoma katika nchi mbili au zaidi na kutoka na shahada ya pamoja, au shahada ya kila chuo. Wanaosoma maelezo ya zamani huchanganyikiwa hapa: kabla ya 2021 kulikuwa na fungu la nauli na la kuanzia maisha pembeni ya posho ya mwezi. Sasa nauli, viza, kodi ya nyumba na chakula vyote vimo ndani ya hizo 1,400. Ukikadiria shilingi 150 kwa euro, ni kama 210,000 kwa mwezi. Ukiwa Kondele hizo ni hela nyingi, lakini kwenye mji mkuu wa Ulaya chumba peke yake huweza kumeza nusu yake. Mwenye ulemavu asome kwa makini sehemu ya mahitaji maalumu, maana kuna nyongeza ambayo wengi hawaiombi kwa kutojua kuwa ipo.

Maombi hayaendi Brussels, kwenye makao makuu ya Umoja wa Ulaya. Unaingia kwenye katalogi ya Erasmus Mundus mtandaoni, unachagua programu, kisha unaomba moja kwa moja kwenye tovuti ya programu hiyo. Nyingi hufungua kati ya mwezi wa kumi na wa kwanza. Kuwemo kwenye katalogi si hakikisho kwamba programu ina nafasi za ufadhili mwaka huo. Nyingine zimemaliza awamu yao na sasa zinapokea wanaojilipia tu. Tafuta mwaka wa udahili ulioandikwa karibu na neno la ufadhili, na usipouona, waandikie baruapepe uulize kabla hujatumia siku kumi kuandika barua.

Kuhusu saa ya mwisho: 23:59 ya Brussels mwezi wa kwanza ni saa saba na dakika 59 usiku kwetu, kwa hiyo una saa mbili za ziada. Lakini programu nyingine hufunga adhuhuri ya kwao, yaani saa nane mchana hapa, na mtu anayepanga kumaliza jioni akitoka kazini hukuta mlango umefungwa. Tuma siku tatu kabla. Siku ya mwisho tovuti hulemewa, na umeme wetu mnaujua.

Sasa transkripti. Hapa ndipo wanafunzi wazuri wa kwetu hupoteza nafasi, na inaniuma kwa sababu kosa lenyewe ni la dakika mbili pale saiba. Asilimia 64 kwetu ni daraja la pili la juu, alama ya kujivunia. Kwa msomaji wa Ulaya asiyejua mfumo wetu, 64 inafanana na mtu aliyeponea chupuchupu. Maelezo ya madaraja (70 na zaidi ni la kwanza, 60 hadi 69 la pili la juu, 50 hadi 59 la pili la chini, 40 ndiyo ya kupita) mara nyingi huchapishwa nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo za kijivu. Watu huskani upande wa mbele tu.

Tazama inavyogharimu. Vyuo vya Ujerumani hutumia fomula ya Bavaria: chukua alama ya juu kabisa inayowezekana, toa alama yako, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu kabisa na alama ya kupita, zidisha kwa tatu, ongeza moja. Kwao 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya kupita. Mwenye 64, alama ya kupita ikiwa 40, anapata 2.8. Karani asipoiona hiyo 40 na akaweka 50 kwa kubahatisha, mtu yule yule anashuka hadi 3.16. Hakuna aliyemwonea, ni ukurasa ambao haukuskaniwa. Skani pande zote mbili, ziunganishe kuwa PDF moja, kisha uifungue kwenye simu na uhakikishe zile herufi za kijivu zinasomeka.

Matokeo yakikosekana kwenye mfumo wa chuo, usingoje mwezi wa kumi na mbili kuyafuatilia. Mhadhiri akiwa likizo, idara haiwezi kukujazia alama. Ambaye bado hajahitimu aombe barua ya kukamilisha masomo kutoka kwa msajili, yenye tarehe ya mahafali yanayotarajiwa. Programu nyingi huikubali mradi cheti kije kabla ya masomo kuanza.

Barua za wahadhiri huhitaji kazi zaidi ya kupiga simu. Programu nyingi humtumia mhadhiri kiungo apakie barua mwenyewe, na zingine hukataa anwani ya Gmail. Zinataka baruapepe ya chuo. Wahadhiri wetu wengi hawafungui hiyo ya chuo hata mara moja kwa wiki. Mweleze siku kiungo kitakapofika, mwambie atazame pia kwenye barua taka, na umpe karatasi moja yenye kozi alizokufundisha, alama ulizopata na mada ya mradi wako. Barua inayosema "ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu" haina uzito wowote kule. Inayosema alikusimamia ukipima maji ya Ghuba ya Winam kwa miezi minne, na ulichokipata, hiyo inasomwa.

Kwa Kiingereza, usikimbilie kulipia mtihani wa IELTS. Soma masharti kwanza, kwani baadhi ya programu hukubali barua ya chuo inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Zinazokataa huitaka IELTS, kwa kawaida 6.5 au zaidi, na matokeo yake hudumu miaka miwili.

Majina nayo. Kama cheti cha KCSE kina Achieng na pasipoti haina, rekebisha sasa. Hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo huchukua siku moja na mara nyingi hutosha kwa maombi, lakini ubalozi unaweza kutaka zaidi ya hapo.

Majibu huanza kuja karibu mwezi wa tatu au wa nne, na husomwa vibaya. Kuna orodha kuu, kuna orodha ya akiba, na kuna barua ya kukubaliwa kwa kujilipia. Hii ya tatu imepambwa kama zile nyingine, ina nembo na pongezi, lakini haina hela. Sakata la Uasin Gishu la 2023 kuhusu masomo ya Finland na Kanada, ambapo wazazi walilipa kupitia kaunti na wengi wa watoto wao hawakusafiri, lilitufundisha kwa uchungu tofauti ya kupata nafasi na kupata ufadhili. Tafuta kwenye barua kiasi cha fedha na idadi ya miezi. Ukiwa kwenye akiba, usikate tamaa; kuna wanaokubaliwa programu mbili na kuachia moja, na orodha husogea hadi mwezi wa sita. Anayekuomba "ada ya usajili" ili akusogeze juu ni tapeli, hata akiwa na ofisi ya vioo mjini.

Viza ni ya taifa, ya muda mrefu, kutoka nchi ya kwanza utakayosoma, na safari za Nairobi hesabu mbili. Pasipoti na alama za vidole za cheti cha tabia njema unaweza kuzimaliza Kisumu au Nakuru. Cheti chenyewe ni shilingi 1,050 kupitia eCitizen. Hispania hukitaka pamoja na cheti cha daktari kwa kukaa zaidi ya siku 180, vikiwa vimehalalishwa na kutafsiriwa, na mlolongo huo ukianza mwezi wa saba umechelewa. Barua ya ufadhili ndiyo ushahidi wako wa fedha, na kwa Ujerumani hukuepusha na akaunti iliyofungwa ya euro 11,904, ile unayoweka hela za mwaka mzima kabla ya kupewa viza. Hakikisha inataja kiasi na miezi.

Halafu hela yenyewe. Malipo huanza ukishawasili, ukajisajili chuoni na kutoa nambari ya akaunti ya Ulaya. Benki inataka anwani. Mwenye nyumba anataka amana ndipo akupe anwani. Amana iko kwenye hela zinazosubiri akaunti. Duara hilo huweza kula wiki nne au zaidi. Kwa hiyo naona mtu asitoke Kenya na chini ya euro 1,500 za kwake, mbali na tiketi. Mkopo wa sako unaolipwa ndani ya miezi sita unafaa kuliko harambee ya dakika za mwisho, maana posho ikishaanza deni hilo linabebeka. Mwandikie mratibu wa programu mwezi wa tano: je, malipo ya kwanza yanaweza kutolewa mapema, na je, chuo kina bweni lisilotaka amana? Wengine husaidia, lakini hawatangazi.

Wa shahada ya kwanza wana mlango mwingine, ule wa kubadilishana wanafunzi kwa muhula mmoja au miwili chini ya Erasmus+, mpango mkubwa wa Umoja wa Ulaya ambamo Erasmus Mundus imo. Huko huombi Ulaya. Unaomba ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako, na nafasi hutegemea kama chuo kina mkataba na chuo cha kule kwa kozi yako.

Kuhamia nchi ya pili kuna sheria inayosahaulika. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2016/801 humruhusu mwanafunzi wa programu ya pamoja kukaa hadi siku 360 katika nchi nyingine mwanachama kwa kibali cha ukaazi cha nchi ya kwanza, mara nyingi kwa kutoa taarifa tu. Denmark na Ireland hazimo. Lakini kibali lazima kitaje hiyo programu. Ukikabidhiwa kadi ya kibali dirishani, isome hapo hapo, sehemu ya maelezo. Kama programu haijatajwa, irudishe kabla hujaondoka, kwa sababu kuirekebisha mwaka wa pili, masomo yameanza nchi nyingine, kunaweza kukugharimu viza mpya.