AC darasani: fundi kaziba matundu yote ya hewa, watoto wanasinzia, luku inalia

Naandika nikiwa na hasira bado kwahiyo mnivumilie. Nafundisha tuisheni hapa Tabora, maeneo ya Isevya, darasa moja tu watoto arobaini, na anayeijua Tabora anajua kile kipindi kabla mvua hazijaanza, saa nane mchana bati linaunguza mpaka kalamu inateleza mkononi. Nikajibana miezi kadhaa nikanunua AC, moja ya BTU 12,000 (hicho ni kipimo cha nguvu yake ya kupoza).

Fundi alivyoingia kitu cha kwanza kaangalia yale matundu ya hewa juu ya madirisha akasema haya yote yazibwe, ubaridi utatoroka. Akakata vipande vya jipsam, akapaka silikoni, matundu nane yote kayaziba, na chini ya mlango kagongelea mpira. Rimoti akaweka nyuzi 16, "madam hapo usiguse, ndo inapoza haraka". Siku za mwanzo nilifurahi jamani, siwezi kudanganya, watoto wanaingia wanashusha pumzi.

Wiki haijaisha, kila ikifika saa tano naona vichwa vinalala kwenye madawati. Hewa nzito, harufu ya jasho na pumzi za watu arobaini, binti mmoja wa mbele ananiambia madam kichwa kinaniuma, mi nikawaza malaria. Nikamtoa nje chini ya mwembe, dakika kumi tu kachangamka. Nikampigia fundi, akaja, na mbele ya watoto wa Form Two akaniambia: "Madam, wewe fundisha hesabu zako, mambo ya hewa tuachie mafundi." Watoto wakanyamaza kimya. Niliumia kwakweli, na sauti yake naisikia mpaka leo.

Sawa, hesabu zangu ndo hizi. Mtu aliyekaa tu anatoa joto karibu wati 100, watoto arobaini ni kama wati 4,000. AC ya BTU 12,000 inaondoa kama wati 3,500. Yaani inashindwa na miili ya watoto kabla hata hujahesabu bati na ukuta! Ndo maana kompresa, ile pampu ya AC inayokula umeme, haipumziki hata dakika, na kuweka 16 hakuongezi kasi ya kupoza, kunaifanya itafute kitu ambacho haitakipata. Nilisoma luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, asubuhi nikasoma tena mchana, masaa sita zimeondoka uniti 6.8. Elfu kumi hapa unapata kama uniti 28, piga mwenyewe, siku nne imeisha inaanza kulia pii pii katikati ya kipindi.

Baadae nikazima AC nikawasha mapangaboi matatu ya zamani na madirisha ya pande zote mbili wazi. Masaa yaleyale, uniti 1.2 na kitu. Elfu ile ile kumi inaniendesha wiki tatu na ushee. Madirisha peke yao ni bure kabisa ila saa nane hayatoshi, upepo ukigoma umegoma.

Sasa nisiwe muongo, pangaboi nalo halipoozi chumba, linampooza mtu kwa kumkausha jasho, ukiliacha linazunguka darasa tupu unachoma uniti bure. Na madirisha yakifungwa linazungusha hewa ileile iliyochoka, kama AC tu, maana hii AC ya ukutani haivuti hewa ya nje, inachukua ya ndani inaipoza inairudisha. Mi nilikuwa sijui hilo na nina hasira kwamba aliyelipwa kujua hakuniambia.

Na hapa ndo napata shida kutoa hukumu, maana fundi alikuwa na nusu ya ukweli, matundu yakiwa wazi AC inapoza joto linaloingia kutoka nje na umeme unapanda. Lakini mtoto anapumua nini? Majengo ya Mjerumani hapa mjini, ya enzi reli inafika 1912, yana dari za juu na kuta nene, ukiingia mchana unasikia nafuu bila umeme wowote, kwanini sisi tunajenga chini chini, bati tupu, halafu tunanunua mashine ipambane na bati?

Nilitaka kusema AC ibaki, niweke 26, niiwashe saa nane mpaka saa kumi na dirisha moja wazi. Leo nikifikiria lile neno "hesabu zako" naona bora niiuze ninunue pangaboi la nne na silingibodi ya kuzuia joto la bati. Kwa chumba cha kompyuta chenye watu sita ingefaa sana, kwa watoto arobaini hapana, usinunue.

Matundu sita nimeyabandua mwenyewe kwa bisibisi nikiwa nimesimama juu ya dawati. Mawili silikoni imegoma. Nimempigia anasema yuko Nzega kazini. Fundi, kama unasoma hapa, njoo uyabandue, na hela ya kubandua silipi.